Kuanzisha chapa ya mavazi: kwa nini mzigo wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza

Mtu anapoamua kuanzisha chapa yake ya mavazi, maswali ya kwanza huwa jina liwe lipi na nembo ikaeje. Baada ya hapo hufuata ukurasa wa mtandaoni, picha chache zenye mwanga mzuri, na fulana kadhaa zilizochapishwa jina hilo kifuani. Mzigo wa kwanza huisha upesi, kwa kuwa wanunuzi wake ni ndugu na marafiki. Wa pili hulala. Wenye biashara hulaumu ugumu wa soko au uchache wa matangazo, na pengine wana haki, lakini mara nyingi sababu iko karibu zaidi nao: fulana za mzigo wa pili hazikufanana na za kwanza. Kitambaa kilikuwa chepesi kidogo, shingo imepanuka, weusi umeingia ukijivu, na mteja aliyevaa saizi ya kati safari iliyopita sasa inambana kwapani.

Makala haya yanaieleza kazi ya kuanzisha chapa kwa kuanzia hapo, kwenye uwezo wa kulirudia vazi lile lile bila kulibadilisha, kwa sababu karibu kila uamuzi mwingine, kuanzia usajili hadi bei, hueleweka vizuri zaidi ukiangaliwa kwa jicho hilo.

Kwanza maneno yenyewe, kwani manne kati yake huchanganywa sana. Jina la biashara ni jina ambalo shughuli yako imeandikishwa nalo serikalini, na ndilo linaloonekana kwenye leseni, kodi na akaunti ya benki. Nembo ni mchoro au maandishi yaliyosanifiwa ili watu wakutambue kwa jicho. Alama ya biashara ni haki ya kisheria juu ya jina, nembo au ishara inayotofautisha bidhaa zako na za wengine, na inakupa uwezo wa kumzuia mtu mwingine kuitumia kwenye bidhaa za aina hiyo. Chapa ni pana kuliko yote hayo: ni yale ambayo mnunuzi anayatarajia anapoliona jina lako, kabla hata hajaligusa vazi.

Mambo haya manne yanaweza kutengana kabisa. Kampuni inayomiliki Zara inaitwa Inditex, na Uniqlo iko chini ya kampuni inayoitwa Fast Retailing. Kampuni tunayoijua leo kama Nike ilianza mwaka 1964 kwa jina la Blue Ribbon Sports, ikiuza viatu vya kampuni ya Kijapani. Jina la Nike na ile nembo yake ya mstari uliopinda vilianza kutumika mwaka 1971, na mwanafunzi aliyeichora, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 wakati huo. Kampuni yenyewe ilibadilisha jina baadaye, mwaka 1978. Anayechelewa kuanza kwa miezi kadhaa akisubiri nembo kamilifu ameanza na kitu ambacho kingeweza kusubiri.

Kuandikisha jina si kulilinda

Dhana potofu iliyoenea zaidi ni kwamba ukishaandikisha jina la biashara, jina hilo limekuwa mali yako. Kuandikisha jina la biashara kunafanana na kumkatia mtoto cheti cha kuzaliwa: cheti kinamtambulisha mtoto mbele ya serikali, lakini hakimkatazi jirani kumwita mwanawe jina hilo hilo. Kinachokataza ni alama ya biashara, ambayo husajiliwa kwa maombi tofauti na ada tofauti, katika ofisi inayoshughulikia miliki ubunifu.

Maombi hayo hufanywa kwa madaraja. Chini ya Mkataba wa Nice wa mwaka 1957, bidhaa na huduma zote zimegawanywa katika madaraja ambayo sasa yamefikia 45. Mavazi, viatu na kofia viko daraja la 25, na mikoba iko daraja la 18. Kwa hiyo aliyesajili jina lake kwa ajili ya fulana pekee asidhani kwamba limelindwa vile vile kwenye mikoba atakayoiongeza baadaye, wala asishangae kuona jina kama lake kwenye sabuni. Ulinzi huo pia una mipaka ya kijiografia, kwani usajili wa nchi moja haukufuati unapovuka kwenda nyingine. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 humpa aliyewasilisha maombi ya alama katika nchi mwanachama miezi 6 ya kuwasilisha maombi hayo hayo katika nchi nyingine wanachama huku akihifadhiwa tarehe yake ya kwanza, na upo pia Mfumo wa Madrid, unaosimamiwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, ambao unaruhusu ombi moja kutaja nchi nyingi.

Kwa biashara changa, ushauri wangu ni wa kiasi. Kabla ya kuchapisha lebo hata moja, tafuta kwenye daftari la alama zilizosajiliwa, na usitafute kwa tahajia pekee. Majina mawili yanayoandikwa tofauti lakini yakitamkwa yanasikika sawa yanaweza kugombana. Epuka jina linaloeleza tu bidhaa yenyewe, la mtindo wa "Nguo Bora", kwa kuwa ofisi nyingi hukataa kumpa mtu mmoja haki ya pekee juu ya maneno ambayo kila mfanyabiashara anayahitaji. Kisha sajili katika nchi unayouza kweli, kwa daraja unalolitumia kweli. Kusajili madaraja kumi kwa ndoto za miaka ijayo kunakula mtaji, na katika nchi nyingi alama ambayo haikutumika kwa miaka kadhaa mfululizo inaweza kufutwa. Herufi R ndani ya duara nayo isiwekwe kwenye lebo kama pambo, kwa sababu inatangaza kwamba alama imekwisha kusajiliwa, na kuitumia kabla ya hapo ni kosa katika nchi nyingi.

Ipo pia imani kwamba ukibadilisha asilimia fulani ya nembo ya mtu, wengine husema 20 na wengine 30, basi umeiruka sheria. Hakuna kanuni kama hiyo. Swali linaloulizwa kwenye mgogoro wa alama ni kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganyikiwa akadhani bidhaa hizi zinatoka mahali pamoja, na swali hilo halijibiwi kwa rula.

Jambo moja husahaulika hadi siku ya ugomvi. Mchoro wa nembo una hakimiliki tangu unapochorwa, bila usajili wowote, na katika nchi nyingi hakimiliki hiyo hubaki kwa mchoraji wa kujitegemea hata kama umemlipa, isipokuwa kuna maandishi yanayoihamishia kwako. Karatasi moja yenye saini inatosha.

Je, na muundo wa vazi lenyewe? Hapo ulinzi ni dhaifu zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Tarehe 20 Mei 1873, fundi cherehani Jacob Davis na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza, yaani haki ya pekee ya muda juu ya uvumbuzi, nchini Marekani kwa wazo la kuimarisha mifuko ya suruali kwa ribiti za shaba, vijisumari vifupi vinavyobana kitambaa. Hataza ilikwisha baada ya takribani miaka 17, na kuanzia hapo kiwanda chochote kiliweza kugonga ribiti kwenye suruali. Kilichobaki mikononi mwa kampuni ya Strauss ni jina lake na ile lebo ya farasi wawili wanaovuta suruali pande mbili, iliyoanza kutumika mwaka 1886. Ikiwa wazo lenye hataza liliishia mikononi mwa kila mtu, anayeshona fulana yenye mfuko ubavuni asitumie usiku wake kuwaza nani atamwiga. Ataigwa. Afadhali nguvu hizo aziweke kwenye kitambaa.

Kitambaa kinavyokusaliti

Anayeanza huchagua kitambaa kwa mkono na kwa jicho, dukani, kikiwa kikavu na kipya. Mteja atakihukumu baada ya kukifua. Kati ya nyakati hizo mbili kuna mambo matatu yanayoweza kubadilika, nayo ni uzito, ukubwa na rangi. Yote matatu yanapimika nyumbani.

Uzito wa kitambaa hutajwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Fulana nyepesi huwa karibu na gramu 130 hadi 150, za kati 160 hadi 190, na kuanzia 200 kwenda juu vazi huanza kuhesabiwa kuwa zito. Muuzaji akikuambia kitambaa ni cha 180, kata kipande cha mraba chenye sentimita 10 kila upande, kipime kwenye mizani ndogo inayoonyesha sehemu za gramu, kisha zidisha mara 100. Ukipata gramu 1.8, amesema kweli, ukipata 1.5, umeuziwa maneno. Kipande hicho usikitupe. Kiandike tarehe, jina la muuzaji na namba ya jora, ukihifadhi kwenye bahasha, kwa sababu ndicho utakachokipeleka dukani siku ya kununua mzigo wa pili.

Ukubwa hubadilika kwa sababu kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa, yaani hupungua urefu na upana. Kukipima, chora mraba wenye sentimita 50 kila upande kwenye kipande kikubwa zaidi, ukitumia wino usiofutika au uzi wa rangi nyingine, kifue na kukianika kama mteja wako atakavyofanya, kisha upime tena. Upande wa urefu ukisoma 47.5, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Asilimia 5 inasikika ndogo hadi uihamishie kwenye fulana yenye urefu wa sentimita 70, ambayo sasa imepoteza sentimita 3.5, na mwenye fulana anavuta pindo kila anaponyanyua mikono. Tiba ni ama kukifua kitambaa kabla ya kukikata, ama kuongeza upungufu huo kwenye paterni, yaani kiolezo cha kukatia vazi. Kuandika kwenye lebo kwamba nguo ifuliwe kwa maji baridi ni jambo jema, lakini halichukui nafasi ya hayo.

Rangi huchuja. Lowesha kitambaa cheupe, kisugue kwa nguvu juu ya kile cheusi au chekundu, uone kinachobaki kwenye cheupe. Na kwa kuwa kila mkupuo wa upakaji rangi kiwandani hutoa rangi yenye tofauti ndogo, majora mawili ya "nyeusi" kutoka mikupuo miwili yakiwekwa juani pamoja yanaweza kuonekana kama rangi mbili. Mkono usikatwe kwenye jora moja na kifua kwenye jingine.

Kuna kasoro moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu: fulana ambayo ikifuliwa mara mbili tatu inajinyonga, na mshono wa ubavuni unahamia mbele ya tumbo. Lawama humwangukia mshonaji, lakini chanzo kwa kawaida ni msokoto wa uzi wenyewe kwenye kitambaa chepesi cha kufumwa kwa vitanzi, au ukataji usiofuata mstari wa kitambaa kwa haraka ya kubana matumizi. Mshono ukinyooka vipi, hautaizuia.

Saizi, fundi na sampuli

Herufi S, M na L hazina kipimo kimoja kinachotambulika duniani kote. Kila chapa hujipangia, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa wa kati kwa muuzaji huyu na mkubwa kwa yule. Kwa hiyo usinakili jedwali la saizi la chapa kubwa, ambalo limetokana na miili ya wateja wake. Wapime watu unaotarajia wakuvalie, tengeneza saizi moja ya msingi, kisha upandishe na kushusha kutoka hapo. Kwenye fulana, hatua ya takribani sentimita 5 za mzunguko wa kifua kati ya saizi moja na inayofuata ni ya kawaida. Ila si kila sehemu ya mwili hukua kwa kasi ile ile. Shingo na urefu huongezeka kidogo kuliko kifua, na anayeongeza kila kipimo sawasawa huishia na saizi kubwa zenye shingo ya kuingiza vichwa viwili.

Fundi anahitaji vitu viwili kutoka kwako. Kimoja ni karatasi ya maelezo ya vazi, yenye mchoro wa mbele na nyuma, vipimo vya kila saizi, aina ya kitambaa na uzi, mahali pa lebo, upana wa pindo, na kiasi cha tofauti unachokikubali, kwa mfano sentimita 1 kwenye urefu. Cha pili ni sampuli iliyokubaliwa na pande zote mbili, ikasainiwa kwenye lebo na kufungiwa. Maelezo ya mdomo, hata kwa fundi mnayeaminiana miaka mingi, hubadilika kila yanaporudiwa. Sampuli iliyofungiwa haibadiliki. Mkubaliane mapema pia nani atabeba gharama ya nguo zilizoharibika, na kabla ya malipo ya mwisho pima nguo kadhaa za kila saizi, uvute mishono kwa mikono miwili, na uigeuze nguo ndani nje. Ndani ndiko vazi linakosema ukweli.

Uchapishaji nao huchaguliwa kwa idadi kuliko kwa mapenzi. Uchapishaji wa skrini huhitaji skrini moja kwa kila rangi, hivyo gharama ya kuanza ni kubwa, na kila nguo inayoongezeka huishusha. Mashine ya kuchapa moja kwa moja kwenye kitambaa, au kuhamisha mchoro kwa joto, hufaa nguo chache zenye rangi nyingi. Wapo wanaodharau kununua fulana tupu zilizo tayari na kuzichapisha, wakisema hiyo si chapa. Ni chapa, mradi unajua nani anakuuzia na kwamba mwakani atakuwa na fulana ile ile.

Hesabu inayodanganya

Anayeanza hupenda kuja na mitindo mingi ili aonekane amejipanga. Tuhesabu. Mitindo 5, kila mmoja kwa rangi 3 na saizi 5, ni aina 75 za kuhifadhi. Ukiweka nguo 4 tu za kila aina, umeshona nguo 300, na bado mteja wa tano wa saizi ya kati kwenye rangi anayoitaka ataambiwa imekwisha. Mtindo mmoja kwa rangi 2 na saizi 5 ni aina 10, na nguo 100 zinakupa wastani wa 10 kwa kila aina, huku zile za katikati ukiziongeza na za pembeni ukizipunguza. Viwanda na wauza vitambaa wana kiwango cha chini cha oda, na ni rahisi kukifikia kwa mtindo mmoja kuliko kwa mitano.

Bei ndiyo sehemu ambayo wengi huanguka huku wakidhani wanapata. Chukua mfano wa nguo 100, kwa fedha yoyote unayoitumia. Kitambaa ni 40 kwa kila nguo, ushonaji 25, uchapishaji 12, lebo na mfuko 8, jumla 85. Paterni, sampuli na picha zimekula 1,500, ambazo zikigawanywa kwa nguo 100 ni 15 kila moja. Kwa hiyo nguo moja imekugharimu 100, nawe unaiuza 200. Mwenye biashara hujiambia anapata faida ya asilimia 100, na kwa hesabu ya kuongeza juu ya gharama ni kweli, lakini katika kila 200 inayoingia, faida ni nusu tu, na hata hiyo nusu bado haijashikika.

Tuseme nguo 70 zinauzwa kwa bei kamili, 20 zinaondoka kwa nusu bei, na 10 zinaishia kuwa na kasoro, kubadilishwa au kutolewa zawadi. Mapato ni 14,000 na 2,000, yaani 16,000. Ondoa 10,000 za gharama, zinabaki 6,000. Usafirishaji, matangazo na makato ya malipo yakichukua 25 kwa kila nguo kati ya zile 90 zilizouzwa, hizo ni 2,250, na kilichobaki ni 3,750, au 37.5 kwa kila nguo uliyoshona. Kodi ya pango bado. Mshahara wako bado. Akija mwenye duka akitaka kununua kwa jumla kwa nusu ya bei ya rejareja, ambacho ni kiwango cha kawaida katika biashara ya nguo, atakupa 100, yaani gharama yako kamili, na utamfanyia kazi bure. Anayetarajia kuuza madukani siku moja aanze na bei yenye nafasi hiyo tangu mwanzo, maana kupandisha bei baadaye mbele ya wateja wale wale ni kazi chungu.

Kuhusu matangazo nitasema machache: wafuasi wengi mtandaoni si wanunuzi wengi. Kuchukua oda na malipo kabla ya kushona hukuonyesha haraka nani ananunua, mradi tarehe ya kukabidhi iwe ile unayoweza kuitimiza na fedha za wateja zisitumike kwa shughuli nyingine.

Lebo ya ndani iseme nyuzi za kitambaa, mahali pa kutengenezwa pale sheria inapodai, na namna ya kufua. Kuna alama za matunzo zinazotumika kimataifa chini ya kiwango cha ISO 3758: beseni kwa kufua, pembetatu kwa dawa ya kung'arisha, mraba kwa kukausha, pasi kwa kupiga pasi, na duara kwa kusafishwa na wataalamu. Zifuate kulingana na vipimo ulivyofanya mwenyewe. Kunakili lebo ya nguo ya mtu mwingine ni kumwahidi mteja jambo usilolijua.

Mzigo wa kwanza ukikaribia kwisha, kabla ya kuagiza mwingine, rudi kwenye daftari la mauzo uone saizi zipi zilikwisha mapema na zipi zilirudishwa, na kwa sababu gani. Uwiano wa saizi wa mzigo wa pili utoke hapo. Chukua bahasha yenye kile kipande cha kitambaa, kipime dhidi ya jora jipya kwa uzito, kwa rangi mchana juani, na kwa kufua. Jora likikataa na muuzaji hana jingine, unazo njia mbili za haki: kusubiri, au kutoa vazi hilo kama toleo jipya, ukilitangaza hivyo na kuliandika hivyo kwenye jedwali la saizi, ili aliyenunua la kwanza ajue kabla ya kulipa kwamba hili si lile.